Nyota tano za siku ya kwanza

Mhariri,

Kila mtu anapolalamika kwamba ameagiza kitu mtandaoni kikamfikia kibovu, jibu analopewa ni lilelile: "Si ungesoma maoni ya wateja kwanza?" Na mara nyingi aliyasoma. Aliona nyota nne na nusu, akaona watu mia tatu wamesifia, akalipa. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze kwa nini ushauri huo ni nusu ya ushauri, na nusu iliyobaki ni ipi.

Maoni ya wateja yanafaa, tena sana, ila kwa maswali ambayo aliyeandika alikuwa na uwezo wa kuyajibu siku ile alipoandika. Wengi huandika siku mzigo ulipofika. Siku hiyo mtu anajua rangi, saizi, kama boksi limepondeka na kama kitu kinawaka. Basi. Ukitaka akwambie kitu hicho kitadumu miezi mingapi unamuuliza asichokijua, na nyota zake tano hazigeuki kuwa jibu.

Tuchukue memori kadi. Kwenye maduka ya mtandaoni ya kimataifa zimejaa kadi zinazotangazwa kuwa za TB 1, yaani kama GB 1,000, kwa bei ambayo haitoshi kununua kadi halali ya GB 64. Ndani yake kuna chipu ya GB 32, pengine 16. Kidude kinachosimamia chipu hiyo ndicho kilichofundishwa uongo: simu ikiuliza ukubwa, kinajibu TB 1. Mteja anachomeka kadi, anafungua mipangilio ya simu, anaona TB 1, anapiga skrinshoti na kuiweka kwenye maoni kama ushahidi. Nyota tano. Mtu huyo hajamdanganya yeyote. Amedanganywa yeye, na habari hazijamfikia. Kadi itapokea picha na nyimbo bila shida mpaka zile GB 32 za kweli zijae. Kuanzia hapo kila faili jipya linaandikwa juu ya la zamani au linapotea, huku jina lake likibaki kwenye orodha kana kwamba limo. Picha moja ya simu ni MB 4 hivi, kwa hiyo GB 32 hubeba picha kama 8,000. Anayepiga picha ishirini kwa siku atakaa mwaka mzima kabla hajagundua. Anayerekodi video, ambayo hula kama MB 130 kwa dakika, atajaza baada ya saa nne, na kama alikuwa anarekodi harusi, maharusi hawawezi kuombwa warudie.

Namna ya kuipima ni kuijaza yote na kuisoma tena. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw. Kwenye Linux na Mac ipo F3. Inaandika data mpaka kadi ijae, kisha inasoma na kukwambia kiasi gani kimerudi kama kilivyoandikwa. Kadi ya GB 64 inayoandika kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde itachukua dakika 53 kuandika tu, kusoma bado. Ile inayojiita TB 1, kwa kasi hiyohiyo, ingechukua saa 14. Hebu niambie ni wangapi hufanya kazi hiyo kabla ya kugawa nyota. Kwa hiyo kwenye maoni mia tatu ya kadi ya namna hii, yenye thamani huenda ni mawili: la aliyeijaza na la aliyepoteza picha. Hayo mawili ndiyo ya kutafuta, na huwa yamezikwa chini kwa sababu duka hupanga juu yale "yaliyosaidia wengi", na waliosaidiwa nao walikuwa wa siku ya kwanza.

Ukishaielewa memori kadi, bidhaa nyingine zote unaweza kuzipima kwa swali moja: kasoro yake hujitokeza lini? Ya nguo hujitokeza haraka, ukiivaa mara moja na kuifua mara moja umemaliza. Ndiyo maana kwa nguo na viatu maoni ya mtandaoni ni msaada wa kweli kuliko kwa kitu kingine chochote, hasa ya mtu aliyetaja urefu wake, kilo zake na saizi aliyochukua. Kikaango kisichogandisha huanza kubanduka baada ya miezi. Godoro la sponji huanza kubonyea palepale unapolalia baada ya miezi kadhaa pia, na anayesifia ulaini wa usiku wa kwanza hajasema lolote kuhusu hilo. Friji ni miaka. Kwa friji nisingesoma maoni ya duka la mtandaoni hata moja. Ningekwenda kumuuliza fundi friji mtaani ni modeli zipi zina vipuri na zipi anazikataa mlangoni.

Pawabenki iko katikati, na hapo ndipo wateja hubishana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu hawapigi hesabu moja. Iliyoandikwa mAh 20,000 (miliampea-saa, kipimo cha chaji) imepimwa kwa volti 3.7 za betri zake za ndani, ambazo ni Wh 74 (wati-saa, yaani nishati yote iliyomo). Inapotoa umeme kwa volti 5 za waya wa simu, hata isipopoteza kitu, hiyo ni mAh 14,800. Ondoa asilimia 15 hivi inayoishia kwenye joto, unabaki na kama 12,600. Simu yenye betri ya mAh 5,000 itajaa mara mbili na nusu hadi tatu. Sasa soma maoni tena. Yule aliyeweka nyota moja akinung'unika kwamba "wanasema 20,000 lakini simu yangu ya 5,000 imejaa mara tatu tu badala ya nne" ametoa ushahidi bora kuliko wote kwamba pawabenki hiyo ni ya kweli. Na yule aliyeipa nyota tano ile ya 50,000 kwa kuwa "ni nyepesi, inaingia mfukoni" ametoa ushahidi kwamba ni feki. Betri ya mviringo ya aina ya 18650, ambayo mafundi wengi wanaijua, ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na zilizo bora hubeba mAh 3,500 hivi. Kufikia 20,000 unahitaji betri sita, karibu gramu 280 bila ganda. Kufikia 50,000 unahitaji kumi na tano, gramu 700. Zile bapa hazitofautiani sana kwa uzito. Mtu aliyeweka pawabenki yake juu ya mizani ya jikoni akapiga picha amekusaidia kuliko mia waliosema "nzuri sana, inakaa na chaji".

Taa za sola nazo ni hivyohivyo. Jua la mchana likiwa kali kabisa hutoa kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza sehemu ya tano tu kuwa umeme. Paneli ya sentimita 35 kwa 35 haiwezi kuzidi sana wati 25, hata boksi liandikwe W 300 kwa wino wa dhahabu. Katika maoni ya taa kama hiyo usihangaike na waliosema inawaka; kuwaka itawaka. Tafuta aliyesema inazima saa ngapi usiku, baada ya siku ya mawingu, mwezi wa sita wa kuitumia. Mara nyingi humpati, na kumkosa huko nako ni jibu.

Kuna bidhaa ambazo maoni ya wateja hayafai kabisa, na hapa sitazunguka: chochote ambacho kasoro yake ni kuua au kudhuru. Chaja ya bei ya kutupa inachaji simu sawasawa na chaja nzuri. Tofauti iko ndani, kwenye nafasi ya milimita chache kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande unaoshikwa na mtoto kitandani, na hakuna mteja anayeifungua kupima nafasi hiyo. Regyuleta ya mtungi wa gesi, helmeti ya bodaboda, breki pedi, dawa, vyote viko kundi hilo. Kwa vitu hivi tafuta alama ya ubora ya TBS au, kwa Kenya, ya KEBS, na duka lenye mlango unaoweza kurudi kuugonga.

Krimu za kung'arisha ngozi ni mbaya zaidi, kwa sababu kwake maoni mazuri ndiyo dalili ya hatari. "Imenitakatisha ndani ya wiki moja" inaweza kuwa kweli tupu. Kinachotakatisha kwa wiki moja mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, wa Minamata, wa mwaka 2013 ulilenga kuondoa sokoni vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni, na hakuna pua wala jicho linaloweza kuitambua hiyo. Figo inayoharibiwa na zebaki haiandiki maoni wiki ya kwanza.

Nihame kwenye muda nije kwenye mahali. Maoni mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wanaoishi kwenye umeme mwingine. Tanzania tunatumia volti 230 kwa hezi 50 (mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde), Kenya volti 240 kwa hezi 50, Marekani volti 120 kwa hezi 60. Blenda yenye maoni elfu nne ya sifa kutoka Marekani ni ya volti 120. Kifaa cha waya wa joto, kama pasi, ukikichomeka hapa kinavuta nguvu karibu mara 3.7 ya iliyokusudiwa, na safari yake inaishia kwenye moshi. Hata ukiweka transfoma ya kushusha volti, hezi hazibadiliki: saa ya mezani inayotegemea hezi 60 itachelewa dakika 10 kila saa. Kabla ya kusoma sifa yoyote, tafuta picha ya mteja inayoonyesha kibandiko cha chini au cha nyuma ya kifaa. Kikisema 100–240 V, 50/60 Hz, endelea kusoma. Kikisema 120 V peke yake, funga ukurasa. Picha za muuzaji hazisaidii hapa kwa sababu anatumia picha moja kwa masoko yote.

Simu zina mtego wa aina hiyohiyo. Modeli moja hutolewa kwa matoleo ya nchi mbalimbali, na toleo la Marekani linaweza kukosa masafa ya 4G yanayotumiwa na mitandao ya hapa au likawa limefungwa kwa laini ya kampuni moja. Mteja wa Chicago anaposema mtandao unashika vizuri, unashika kwake. Angalia namba kamili ya modeli, pamoja na zile herufi za mwisho, ulinganishe na masafa ya mtandao wako. Maoni ya mtu wa Nairobi au Mwanza hata yakiwa matatu tu yana uzito kuliko mia tano ya huko.

Sasa uongo wa makusudi. Waswahili tuna methali mbili zinazotosha: mwamba ngoma huvutia kwake, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ujanja wenyewe una sura zake, na kila sura hutazamwa kwa jicho lake.

Ya kwanza ni kununua maoni. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kesi dhidi ya kampuni ya Cure Encapsulations iliyokuwa ikiuza vidonge vya kupunguza uzito kwenye Amazon na kulipia maoni ya uongo. Kinachofundisha ni namba iliyotajwa kwenye mashtaka: mwenye kampuni alimweleza muuza maoni kwamba bidhaa yake inahitaji wastani wa 4.3 ili iuzike. Mtu anayejiona mjanja kwa kuziepuka bidhaa zenye nyota tano kamili akachagua za nne na pointi kadhaa ajue kwamba wauza maoni nao wanalijua hilo. Maoni ya kununuliwa hutambulika zaidi kwa tarehe: arobaini ndani ya siku tatu, kisha kimya cha miezi miwili. Hapo pia tahadhari, maana punguzo kubwa la bei la Novemba huleta mafuriko kama hayo kwa haki. Linganisha na bidhaa nyingine za duka hilo wiki hiyo.

Ya pili ni kuyaficha mabaya. Fashion Nova, kampuni ya nguo ya Marekani, mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 4.2 baada ya FTC kudai kwamba kuanzia mwishoni mwa 2015 hadi Novemba 2019 maoni ya nyota nne na tano yalikuwa yakipanda yenyewe kwenye tovuti yake, na ya chini ya hapo yakawekwa kando bila kuonyeshwa. Kila neno lililokuwa pale huenda lilikuwa la mteja halisi. Ujanja huu humnasa hata msomaji makini, kwa sababu hakuna cha uongo cha kukikamata. Dalili yake ni ukurasa usio na nyota mbili wala tatu hata chache. Binadamu hawakubaliani hivyo kuhusu chochote, hata chapati.

Ya tatu ni kupandikiza. Muuzaji anachukua ukurasa wa bidhaa iliyokwisha kujipatia maoni elfu, anauunganisha na bidhaa mpya, na nyota zote zinahamia kwa mgeni. Mwaka 2023 kampuni ya virutubisho ya Bountiful ilikubali kulipa dola 600,000 kwa shauri la namna hiyo. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kuitambua: panga maoni kwa tarehe, soma ya zamani kabisa. Ukikuta watu wanasifu kava la simu kwenye ukurasa wa mashine ya kunyolea, umeshapata jibu.

Na wasiofahamu jinsi jambo hili linavyoweza kwenda mbali wakumbuke kibanda cha London. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler aliorodhesha kibanda cha bustanini kwake kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya hoteli na migahawa, kama mgahawa, The Shed at Dulwich, na watu wake wakakiandikia maoni. Mwezi Novemba kikawa namba moja katika London nzima. Kilikuwa hakijauza hata sahani moja.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia pale unapolinganisha wauzaji wawili. Mmoja ana maoni 6, yote mazuri. Mwingine ana 200, mazuri 188. Macho yanamkimbilia wa kwanza mwenye asilimia 100. Fanya hivi: ongeza 1 kwenye mazuri na 2 kwenye jumla. Wa kwanza anakuwa 7 kwa 8, asilimia 87.5. Wa pili 189 kwa 202, karibu asilimia 94. Ni kanuni ya zamani ya mwanahisabati Laplace wa Ufaransa, na inafanya kazi kwa sababu inamkatia mwenye maoni machache kile ambacho bado hakijajulikana. Ukitumia simu ya kawaida yenye kikokotoo inachukua nusu dakika.

Hayo yote ni ya maduka yenye mfumo wa nyota. Lakini Mhariri, sehemu kubwa ya manunuzi ya mtandaoni ya hapa kwetu haipiti huko. Inapita Instagram, WhatsApp na Facebook, kwa muuzaji ambaye "maoni ya wateja" yake ni skrinshoti alizozichagua mwenyewe: "Mzigo umefika salama dada, asante sana, Mungu akubariki." Skrinshoti ya mazungumzo ya WhatsApp hutengenezwa kwa simu mbili na dakika moja. Na hata iliyo ya kweli inasema mzigo umefika tu, yaani imejibu swali la msafirishaji. Kwenye akaunti za namna hii mimi nisingesoma sifa kabisa. Ningetazama mambo haya.

Kwanza, bonyeza jina la akaunti juu ya ukurasa wa Instagram. Kwenye akaunti nyingi kuna sehemu inayoonyesha akaunti ilifunguliwa lini, iko nchi gani, na imewahi kubadili jina mara ngapi. Duka la viatu la Kariakoo lililobadili jina mara tano na linaendeshwa kutoka nchi nyingine lina maswali ya kujibu. Kwenye ukurasa wa Facebook kuna sehemu ya uwazi wa ukurasa yenye habari kama hizo. Pili, angalia chini ya picha za matangazo kama watu wanaruhusiwa kuandika. Ikiwa amefunga maoni kwenye picha za bidhaa lakini ameyaacha wazi kwenye picha za mashairi na salamu za Ijumaa, unajua anachokimbia. Tatu, nenda kwenye picha ambazo wengine wamemtaja, si alizoweka yeye. Hizo ni ngumu kwake kuzipanga, na wateja waliokasirika huenda kulia huko. Nne, tafuta namba yake ya simu kwenye injini ya utafutaji na kwenye Facebook, ikiwa imeandikwa kwa kuanza na 0 na kwa kuanza na 255 au 254. Tano, na hili linashinda yote manne: mwombe video fupi ya kitu chenyewe ambapo ametaja jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo mkononi anaituma ndani ya saa moja. Asiye nao atakwambia "ofa inaisha leo, tuma hela kwanza".

Ramani za Google nazo zinatumika sana kuchagua hoteli, gereji na maduka. Huko bonyeza jina la aliyeandika uone maoni yake mengine. Mtu aliyesifu gereji ya Arusha, saluni ya Jakarta na daktari wa meno wa Lagos ndani ya wiki moja ana usafiri wa ajabu.

Nyota moja nazo zisichukuliwe kama neno la Mungu. Nyingi zinahusu mzigo kuchelewa, bodaboda kuwa na kauli mbaya, au saizi aliyoikosea mteja mwenyewe. Wapo pia washindani wanaochafua. Zigawe mafungu matatu kichwani: la usafirishaji, la muuzaji, la bidhaa. Fungu la tatu likirudia kasoro ileile kwa maneno tofauti na tarehe zinazoachana, kwa mfano mfuniko wa birika kukatika bawaba, au waya wa chaja kulegea shingoni, hapo pana ukweli. Kwa uzoefu wa kazi yangu ya ufundi, nyota mbili na tatu ndizo zenye habari nyingi. Anayetoa nyota tatu hana hasira na hajalipwa. Anataja kilichomfurahisha na kilichomuudhi, na mara nyingi ameshakitumia kitu.

Nina ombi kwa wenye mamlaka. Uingereza imeyapiga marufuku maoni ya uongo kwa sheria iliyoanza kutumika kwa jambo hilo tarehe 6 Aprili 2025, na faini inaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani. Marekani ina kanuni yake tangu 21 Oktoba 2024. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Sidhani tunahitaji kuanza na sheria mpya. Tume ingeweza kutoa mwongozo mfupi wenye mambo mawili: duka lionyeshe kama aliyetoa maoni alinunua kweli kwake, na lisifute maoni mabaya bila kuacha alama kwamba pamefutwa.

Kwa maduka ya mtandaoni ya Tanzania na Kenya ombi langu ni dogo zaidi na gharama yake ni meseji moja. Badala ya kumwuliza mteja siku anayopokea mzigo, mwulizeni siku ya 90. Onyesheni majibu ya siku ya kwanza na ya siku ya 90 kwenye safu mbili. Wauzaji wa vitu vya ovyo watapinga, na upinzani wao utakuwa na maana yake.

Na kwa msomaji mwenzangu anayetaka kuandika maoni yatakayomfaa mwingine: taja modeli, muda uliotumia, saa kwa siku, mji ulipo, kilichoharibika na kilichorekebishwa. Kitu kama hiki kinatosha:

"Feni ya kusimama, inchi 16, W 55. Miezi saba, saa nane kila usiku, Tanga, umeme unakatika-katika. Mwezi wa nne wa kuitumia ikawa haianzi mpaka uisukume panga kwa mkono. Fundi kabadilisha kapasita ya mikrofaradi 1.5, ikarudi sawa. Kitufe cha kuzungusha shingo kimevunjika, nazungusha kwa mkono. Kasi ya tatu bado ina upepo. Nyota tatu."

Wako,
Fundi wa vifaa vya umeme,
Dar es Salaam